Usikate Tiketi, Mama Mdogo

Chumba cha Cherehani,
Nyumba ya Kona, mkabala na Zahanati.
Jumamosi, tarehe 13 Septemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na zamu zimepungua kama mlivyoahidiwa. Na yule mgonjwa wako mkorofi wa kitanda cha dirishani, ameshakwenda kwao au bado anakutuma soda? Sisi huku afya tunayo. Bibi magoti yanamsumbua ila mdomo haujambo. Baba yupo na nyaya zake na bisibisi, kila siku dari ya mtu mwingine. Mama anashona. Mimi pia nashona, na hilo ndilo jambo lenyewe, ila nisikurukie kabla hatujamaliza kusalimiana.

Kifurushi chako kilifika jana. Mwenzako wa wodi alikileta mwenyewe, akanywa chai, akakusifia mpaka Bibi akatoa machozi. Saa nimeiona. Ni nzuri, Mama Mdogo, ndogo, ya kubandika kifuani, uso wake umegeuzwa ili anayeivaa aisome akiinamisha kichwa. Nimesoma na kile kikaratasi, "Kwa nesi mwenzangu." Unasema umeshaomba likizo ya Desemba na mwisho wa mwezi huu unakata tiketi, uje kuniona nikivishwa kofia ya unesi.

Usikate tiketi. Sikuchaguliwa.

Nimeandika hivyo bila kuzunguka kwa sababu nimeshachana karatasi tatu nikizunguka. Chuo chako hakikunichukua. Majibu yalitoka mwanzoni mwa Agosti, na tangu hapo umekuwa ukidanganywa na dada yako, na mimi nikiwepo.

Unakumbuka ulipopiga simu Jumapili ile? Mama alikuwa mezani, mimi nimepiga magoti nampandishia mteja pindo, pini nne mdomoni. Nikamsikia anakwambia, "Ameingia. Eeh, ameingia, si nilikwambia?" Kisha akanitazama. Ukiniuliza kwa nini sikusema kitu, nitakwambia nilikuwa na pini mdomoni, na ni kweli nilikuwa nazo. Lakini pini hutemwa mara moja, na nyinyi mliongea dakika ishirini. Ulipokata simu Mama akasema atakueleza wiki ijayo, ukishatulia. Wiki ijayo yake hiyo haijafika mpaka leo.

Ninaandika badala ya kupiga kwa sababu simu inakaa mfukoni mwa aproni yake. Halafu wewe kwenye simu hunipi nafasi. Unauliza, unajibu, unacheka, unaaga.

Barua ya chuo ni nusu karatasi. Imeanza na "Ndugu Mwombaji." Wanasikitika, nafasi ni chache, waombaji tulikuwa wengi, wananitakia kila la heri katika shughuli zangu. Shughuli zipi? Niliisoma nimesimama mlangoni, nikampa Baba, akaisoma mara mbili, akanirudishia. Kisha akapanda kiti akabadilisha balbu ya jikoni, balbu iliyokuwa inawaka vizuri kabisa. Mpaka leo hajaniambia neno juu ya barua ile, na katika watu wote ni yeye peke yake ambaye sijamkasirikia.

Maana wengine wote wana dawa. Jirani wa juu amesema ni mipango ya Mungu. Mwalimu wa biolojia amesema nijaribu tena mwakani, kwa sauti ileile aliyokuwa akitutangazia zamu za kufagia. Mke wa kinyozi amesema hata yeye alikosa chuo, akaolewa, na sasa ana watoto watano na friji. Bibi ameelezwa mara sita, akasikitika mara sita, na kila asubuhi ananyoosha mguu na kuniambia, "Nesi wangu, hebu nitazame goti." Nalitazama. Nifanyeje?

Sasa nikueleze nilivyokosa, kwa sababu wamekuficha na hilo. Mtihani wa kuandika nilipita. Niliangukia kwenye usaili. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na wa katikati alikuwa mama mmoja mwenye miwani na chupa ya chai. Akaniuliza kwa nini nataka kuwa muuguzi. Mama Mdogo, nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu darasa la nne. Nikamweleza ulivyorudi likizo ukanifundisha kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono. Nikamweleza ulivyomshona Baba kidole kwenye kochi letu alipokatwa na bati, na mkono wako haukutetemeka. Nikaendelea, sijui dakika ngapi. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga chupa yake, akasema, "Huyo ni mama yako mdogo. Wewe je?"

Nikatafuta, nikatafuta, kisha nikasema, "Mimi pia."

Miaka minane ya kungoja, na nilichokuwa nacho ni "mimi pia." Nimejisikia nikilisema mara nyingi tangu siku ile, nikiwa napiga pasi, nikiwa naoga. Hawakunionea. Natamani wangekuwa wamenionea, ningepata mtu wa kumtukana.

Kwa hiyo nimekukasirikia wewe. Naomba unisamehe, lakini siwezi kuandika barua hii halafu nilifiche hilo. Hukunifanyia ubaya wowote, na bado nimekukasirikia. Ulinijaza chuo kile kichwani nikiwa mdogo sana. Tulilala kitanda kimoja kila ukija likizo, na badala ya hadithi za sungura ulinipa korido ndefu yenye dirisha la rangi. Ukanipa mifupa ya mtu kwenye kabati la kioo, mliyoibatiza Shemeji. Ukanipa yule mzee dobi anayesimama koridoni kila Alhamisi na lundo la nguo, anasoma jina ndani ya kola na kuliita kwa sauti, na mwenye jina lazima aitike "Nipo" ndipo apewe gauni lake, asipoitika halipati. Sijamwona Shemeji hata siku moja lakini meno yake nayajua. Na lile "Nipo" nimelifanyia mazoezi chooni, na mlango umefungwa. Sasa nimebaki na jengo zima kichwani mwangu na sina ruhusa ya kuingia.

Halafu ukaacha kuniita Pini. Jina lile ulinipa wewe, kwa ajili ya wembamba wangu na ulimi wangu, na mtaa mzima ukalishika. Nilipojaza tu ile fomu, ukaanza "nesi mwenzangu." Nilifurahi sana, usifikiri sikufurahi.

Na hayo magauni. Desturi ya nyumba hii unaijua, maana ilianzia kwako. Wewe ulipoomba, Mama alikata kitambaa kabla ya majibu, akashona magauni matatu ya bluu yenye kola nyeupe, na majibu yakaja mazuri. Tangu siku hiyo imekuwa sheria hapa ndani kwamba gauni ndilo linaloita majibu. Basi Juni, fomu yangu haijafika hata mezani kwa mkuu wa chuo, dada yako alikuwa ameshanunua kitambaa, amenipima mara mbili, amekata. Familia ya nani nyingine ingefanya hivyo? Watu wengine hungoja barua ndipo wanunue kitambaa. Kola nilizitia mwenyewe, na ndani ya kila kola nikashona jina langu kwa uzi mwekundu, langu na la Baba, kama kanuni zinavyotaka, ili yule mzee wako asichanganye nguo. Tukayatundika chumba cha ndani kwenye mfuko wa nailoni. Barua ilipokuja hakuna aliyeyagusa. Ukifungua mlango ule yanatikisika kidogo.

Unamkumbuka Chiriku, binti wa muuza dawa? Yule ambaye hanyamazi hata akitafuna. Tulikaa dawati moja miaka minne. Mchoro wa moyo alikuwa ananakili kwangu, na bado alikuwa anaelekeza vishale siko.

Chiriku amechaguliwa.

Jumanne walikuja, yeye na mama yake, wamezunguka madukani siku mbili. Kitambaa cha bluu kimekwisha mji mzima na chuo kinafunguliwa Jumatatu. Mama yake akauliza kama fundi amebakiza hata kipande. Mama akajibu, "Kitambaa sina, mama," na hakudanganya, kitambaa kilikuwa kimekwisha. Hapo Bibi akasema kutoka jikoni, wazi kabisa, "Si yapo yale matatu ya nesi wangu?"

Mke wa muuza dawa akatazama sakafu. Nampa haki yake, aliona haya. Chiriku mwenyewe akashindwa kusema, na wewe unajua hilo ni jambo la kuandikwa. Mama akashika mkasi, akauweka, akaushika tena. Nikaona kwamba nikinyamaza atasema hayapo, na itakuwa mara ya pili anadanganya kwa ajili yangu. Nikasema, "Yapo," nikaenda kuyaleta.

Mama akatoka, akaenda kusimama uani mpaka tulipomaliza.

Nilimvisha mimi. Halikufunga kiunoni, Chiriku ana mwili wa watu wazima. Lakini Mama unavyomjua, huacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono, hata kwa mzee aliyeacha kunenepa. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua ubavuni, nikabana na pini. Nikamuuliza na yeye walimuuliza nini kwenye usaili. Swali lilelile.

"Sasa ukasemaje?"

"Nikasema napenda kukaa na watu. Na damu hainitishi, nimekulia nyuma ya kaunta ya dawa, nimeona kila kidonda cha mtaa huu. Halafu nikawauliza viatu vyao vikoje, maana mimi miguu inavimba nikisimama. Wakacheka weee."

Viatu. Nilitaka kumchukia, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kiunoni kwake, na jibu lake lilikuwa zuri. Lilikuwa lake mwenyewe. Akanitazama kwenye kioo, akaniambia kwa upole, "Utaomba tena mwakani, si ndiyo? Nitakushikia kitanda karibu na changu." Nikamwambia asimame wima. Nilimchoma pini mara moja. Sikukusudia sana.

Walipoondoka Bibi akanipa jambo jingine, katikati ya kuchambua mchele, kana kwamba ananieleza hali ya hewa. Gauni lako la kwanza, wewe ukiwa bado shule ya bweni, Mama alilipima mwilini mwake, maana mlikuwa na umbo moja. Akakaa nalo mwilini mchana kutwa. Akapika nalo. Jioni akalivua, akalipiga pasi, akaanza la pili. Ulikuwa unalijua hilo? Mimi sikulijua, na nimekaa naye chumba kimoja miaka yote hii namtazama anashona. Nadhani ndiyo sababu hakuweza kukwambia kwamba mimi nimekosa. Usimgombeze ukipiga simu. Mgombeze kidogo tu.

Sasa sikiliza kichekesho. Mke wa muuza dawa amenisifu kwa wenzake, kwamba naongeza gauni bila mshono kuonekana. Tangu Jumatano nimepata wasichana wanne, wote wa chuo chako, wengine magauni yanawabana, wengine yanaburuza. Wiki nzima nimepiga magoti chini ya pindo za bluu. Ninajua viuno vya darasa zima la mwaka wa kwanza kabla ya walimu wao. Wananiuliza mimi nasoma wapi, nawaambia wageuke.

Najua utakachofikiria baada ya hapa. Utamfikiria rafiki yako mliyemaliza naye, ambaye sasa anafundisha palepale, na utataka kumpigia aone kama kuna mtu atakayeghairi. Nakuomba, kwa mapenzi uliyonayo kwangu, usimpigie. Na mwakani siombi. Nimelifikiria sana, sijalisema kwa hasira, ingawa hasira ninayo. Nikikaa tena mbele ya yule mama mwenye miwani nitakuwa na jibu lilelile, ila limepigwa pasi.

Alhamisi nilikwenda shule ya ufundi, ile iliyo juu ya duka la matairi. Ngazi zake chafu, na harufu ya mpira inakufuata mpaka darasani. Hawana korido ndefu. Wana mwalimu mmoja wa ukataji, mzee mwenye futi shingoni, na hakuniuliza kwa nini nimekuja. Aliniuliza kama najua kutia mkono wa koti. Nikavua koti langu nikampa, nililishona mwenyewe mwaka jana. Akalipindua ndani nje, akatazama bega la kulia, akatazama la kushoto, akasema la kushoto nilikuwa na haraka. Ni kweli, nilikuwa na haraka. Akaniandika. Naanza Jumatatu, siku moja na Chiriku.

Usije ukafikiri nimefurahi. Watu hapa wameshaanza kusema, unaona, mlango mwingine umefunguka. Sitaki mlango mwingine. Nilitaka ule. Nitakwenda shule ya ufundi, nitajifunza, na nadhani nitaiweza, lakini asinilazimishe mtu nicheke.

Saa yako nimeirudisha kwenye kisanduku chake. Niambie nifanye nini nayo. Sitaki kuivaa na sitaki kuirudisha, na kwenye meza ya kukatia haina kazi, maana ukiilaza saa inasomeka juu chini. Ukija Desemba kwa sababu nyingine, kwa mfano kuniona mimi, chumba chetu ni kilekile na kitanda ni kilekile. Ila tiketi ya kwenda kuona kofia usiikate.

Nisalimie mwenzako wa chumba, na yule mpishi wa hospitali anayekuwekea ukoko wa wali. Bibi anakusalimu, anasema usisahau dawa yake ya kuchua. Baba anakusalimu, nilipomwambia nakuandikia alinipa kalamu yake, hii ninayotumia. Mama hajui kama naandika. Atakapojua, nitakuwa nimeshaipeleka posta, na salamu zake atazileta mwenyewe na maelezo yake.

Kuna moja nililibakiza, nalo nakuomba liishie kwako. Magauni ya Chiriku yalikuwa matatu, na kola tatu. Kanuni ni kanuni, ilibidi nifumue jina langu na kushona lake. La kwanza nilifumua, herufi moja baada ya nyingine. La pili nikafumua. Vipande vya uzi mwekundu vikabaki kwenye sketi yangu, nikavikung'uta. La tatu nikalitazama, nikalikunja hivyohivyo, nikaliweka chini ya mengine, nikamwambia Mama nimemaliza. Chiriku ameshalichukua. Nilitaka kitu changu kiingie pale, basi.

Sasa hebu hesabu. Jumatatu wanaingia. Magauni mawili atayavaa kwanza, la tatu litakwenda kufuliwa wiki ya pili. Halafu Alhamisi yule mzee wako, kama bado yu hai, atasimama koridoni chini ya dirisha la rangi, atafunua kola, na ataliita jina langu, langu na la Baba, kwa sauti yote. Na Chiriku, kama anataka gauni lake, itabidi aitike.

Mungu akuweke, akupunguzie zamu, akupe wagonjwa wenye shukrani. Ukinijibu, niite kama zamani.

Wako akupendaye, hata wiki hii,

Pini